Mkono wa Kushoto wa Mvunaji

Anayevuna kwa mundu hutumia mikono miwili, lakini sifa zote huenda kwa mmoja. Mkono wa kulia ndio ulioshika chuma, ndio unaong'aa, ndio unaochorwa kwenye bendera na sarafu. Wa kushoto unakamata mabua, unayakaza, unayaelekeza upande wa kuangukia, kisha unayakumbatia. Bila huo wa kushoto mundu ungepita bure. Bua lililokauka ni jepesi na lina ukwepaji wake. Ukilipiga bila kulishika linainama, chuma kinapita, nalo linasimama tena, au linapukutisha punje zake chini. Mvunaji wa mpunga wa Kilombero au Mwea hahitaji kuelezwa jambo hili. Anao ushahidi kwenye makovu ya vidole vyake vya kushoto.

Mafundi wa Uingereza na Marekani waliotaka kuikabidhi kazi hii kwa farasi, mwanzoni mwa karne ya 19, walianza kwa kuangalia chuma. Waliunda magurudumu yenye visu pembeni na mapanga yaliyofungwa kwenye vyuma vinavyozunguka. Jeremiah Bailey wa Pennsylvania alipata hataza mwaka 1822 kwa mashine ya kukata nyasi yenye kisu cha duara kilichozunguka sambamba na ardhi. Mashine za namna hiyo zilikata pale mazao yaliposimama wima na hewa imetulia. Upepo ukishalilaza shamba, zilipita juu yake na kuliacha limelala.

Na haja ilikuwa kubwa kweli. Ngano iliyoiva haingoji mtu. Ina siku kumi hivi, ikipata bahati wiki mbili, kabla masuke hayajaanza kumwaga punje. Mwenye mundu hakuweza kumaliza hata ekari moja kwa siku. Mwenye fyekeo refu lililofungiwa vijiti vya kupokea mabua alifika ekari mbili au tatu, na jioni hakuweza kunyoosha mgongo. Mkulima basi alipanda kwa kukisia mikono atakayoipata siku za mavuno, hata kama ardhi yake ingeweza kuzaa mara nne ya hapo. Nchi tambarare za Illinois na Iowa, zenye udongo mweusi usio na jiwe, zilikuwa zimekaa zikisubiri mtu atakayejua namna ya kulishika bua.

Aliyeliona jambo hilo mapema alikuwa Patrick Bell, mtoto wa mkulima wa Auchterhouse, Scotland, aliyekuwa akisomea uchungaji. Mwaka 1827 aliona mkasi mkubwa wa bustani umechomekwa kwenye ua wa miti, akautoa, akaanza kukata matawi nao. Mkasi hauhitaji mkono wa pili, kwa sababu wembe mmoja unashika wakati mwenzake unakata. Bell akapanga safu ya mikasi mbele ya mkokoteni, nyembe za chini zimekazwa zisitikisike, za juu zikienda na kurudi kwa nguvu itokayo kwenye magurudumu. Juu yake akaweka mbao nyembamba zinazozunguka ili zilaze mazao kuelekea kwenye visu, na nyuma ya visu turubai linalotembea, lililobeba mabua na kuyamwaga pembeni kwa mstari ulionyooka.

Jaribio la kwanza alilifanya ndani ya banda, mlango umefungwa. Alibeba udongo akautandaza sakafuni, akapanda mabua ya nafaka moja baada ya jingine, kwa msongamano uleule wa shambani, kisha akaisukuma mashine mwenyewe kwa mikono. Mavuno yalipowadia, yeye na kaka yake waliipeleka shambani usiku, majirani wamelala, ili ikishindwa wasichekwe. Haikushindwa. Farasi walifungwa nyuma, wakisukuma, maana Bell hakutaka wakanyage mazao ambayo bado hayajakatwa.

Bell hakuomba hataza. Alisema wazi kwamba anataka kila mkulima aweze kuiga bila kudaiwa, naye akaenda kuwa mchungaji wa Carmyllie, akazeeka huko. Mwaka 1868, mwaka mmoja kabla hajafa, wakulima na marafiki walimchangia pauni 1,000 hivi kama shukrani. Wako wanaomhesabu kuwa aliyeshindwa, kwa kuwa mashine yake haikuenea wakati ule. Mimi namheshimu kwa kukataa hataza kuliko hata kwa mkasi wenyewe. Alijua thamani ya alichokiunda, akakitoa.

Ng'ambo ya Atlantiki jibu lilipatikana kwa njia nyingine. Obed Hussey alikuwa mtu wa bahari kabla hajawa fundi, mwenye jicho moja, mkimya, asiyejua kujinadi. Mwaka 1833 alionyesha mashine yake karibu na Cincinnati, na tarehe 31 Desemba mwaka huohuo akapata hataza. Kisu chake kilikuwa pao refu la chuma lililopigiliwa vipande vya pembetatu vyenye makali pande mbili, kama meno ya papa. Pao hilo lilikwenda na kurudi kwa kasi ndani ya vidole vya chuma vilivyotangulia mbele, kila kidole kimetobolewa katikati ili kisu kipite, chuma juu na chuma chini. Bua likishaingia kati ya vidole viwili limekamatwa kotekote. Halina pa kukwepea.

Huo ndio mkono wa kushoto, umepatikana. Haukuwa kamili, kwa sababu majani mabichi na uchafu viliingia kwenye matundu ya vidole na kukiziba kisu, mpaka mwaka 1847 Hussey alipopata hataza nyingine kwa kidole kilichoachwa wazi upande wa nyuma, takataka ziweze kutoka zenyewe. Badiliko dogo la umbo la chuma, lakini ndilo lililoifanya mashine ifanye kazi siku nzima badala ya saa moja. Mashine kubwa za kuvuna mpunga zinazopita leo Mbarali au Mwea, ukichungulia mbele chini, utaziona pembetatu zilezile zikienda na kurudi ndani ya vidole vilevile. Kisu cha Hussey kimebebwa karibu miaka mia mbili bila yeyote kuona sababu ya kukibadilisha.

Jina linalofundishwa mashuleni, hata hivyo, ni la Cyrus McCormick. Baba yake, Robert, alihangaika kwa miaka mingi na mashine ya kuvuna kwenye karakana ya shamba lao la Walnut Grove, Virginia, akaiacha. Mtoto akaanza upya. Mwaka 1831, akiwa na umri wa miaka 22, akaionyesha mashine yake kwa majirani karibu na Steele's Tavern, na hataza akaipata Juni 1834, miezi sita baada ya Hussey. Kisu chake cha mwanzo kilikuwa dhaifu kuliko cha mpinzani wake. Alichomzidi ni mengine yote yanayokizunguka kisu: mbao za kulaza mazao, kigawanyio cha pembeni kinachotenganisha mabua ya kukatwa na yale yanayobaki, jukwaa la kupokelea, na farasi waliotembea pembeni mwa mazao, kwenye eneo lililokwisha kuvunwa, wakivuta mbele badala ya kusukuma nyuma.

Katika karakana ile alikuwemo mtu mwingine. Aliitwa Jo Anderson, na alikuwa mtumwa wa familia ya McCormick. Kwamba alifanya kazi bega kwa bega na Cyrus katika kuiunda mashine, familia yenyewe baadaye iliandika. Ni sehemu gani ilitoka kichwani mwake na ipi mikononi mwake, karatasi za wakati ule hazikujali kusema, na zisingeweza kujali. Mwaka 1858 Mwanasheria Mkuu wa Marekani alitoa maoni rasmi kwamba uvumbuzi wa mtumwa hauwezi kupewa hataza, kwa kuwa mtumwa si raia, na bwana wake naye si mvumbuzi. Akili ya mtu mweusi katika karakana ya Virginia ilikuwa kitu ambacho sheria haikuwa na mahali pa kukiandika. Kila ninaposoma maelezo marefu ya ugomvi wa hataza kati ya Hussey na McCormick, namfikiria Anderson aliyekuwa amesimama hapo, ameshika nyundo, akijua.

Ugomvi wenyewe sitaurefusha. Mwaka 1851 mashine zote mbili zilifika kwenye Maonyesho Makubwa ya London, McCormick akaondoka na medali ya juu, na katika majaribio mengine nchini humo ya Hussey ikashinda. Wakati huo McCormick alikuwa ameshahamia Chicago, alikojenga kiwanda mwaka 1847 pembezoni mwa nchi ya ngano, na alikuwa akiuza kwa mkopo na kwa dhamana ya maandishi, jambo ambalo mkulima wa siku hizo hakulizoea. Hussey aliuza chache, akabishana, akachoka. Alikufa mwaka 1860 kwa ajali ya treni: alishuka kituoni kumletea mtoto maji ya kunywa, akaanguka chini ya magurudumu wakati wa kupanda tena.

Farasi ndiye sehemu ya mashine ambayo haikuundwa na fundi, na inanisikitisha kwamba historia nyingi zinamtaja kwa idadi tu. Chukua mfano wa mashine ya kukata nyasi: haikuwa na nguvu nyingine yoyote. Gurudumu linashika ardhi, ardhi inalizungusha, gurudumu linazungusha meno ya gia, gia zinazungusha mkono mfupi uliofungwa kwenye fimbo ya mti, na fimbo ndiyo inayokisukuma na kukivuta kisu. Farasi wakipunguza mwendo, kisu nacho kinapunguza, nyasi zinasonga, mashine inasimama. Dereva anawarudisha nyuma hatua mbili, anatoa nyasi zilizokwama, kisha anawataka waanze tena kwa ghafla, mzigo wote ukiwa umeshabana kwenye vidole. Mabega ya farasi yalichubuka hapo, kwenye kuanza upya.

Nyasi ni ngumu kuliko ngano. Zinakatwa karibu kabisa na ardhi, zimesongamana, mara nyingi zina umande. William Ketchum wa Buffalo aliamua mwaka 1847 kuuza mashine ya nyasi peke yake, bila kujifanya kwamba mashine moja itafanya kazi zote mbili. Lakini kisu chake kilifungwa imara kwenye mashine. Ardhi ikiinuka kisu kinachimba udongo, ikishuka kinakata hewa. Mwaka 1858 Lewis Miller wa Canton, Ohio, alitoa mashine iliyoitwa Buckeye. Ilikuwa na magurudumu mawili, na pao la kisu lilifungwa kwa bawaba pembeni, mbele ya magurudumu, ili lifuate mabonde na vilima vya shamba lenyewe bila kujali mashine imeinama upande gani. Dereva aliweza kuliinua kwa mpini akiona jiwe, na kulikunja juu akitoka shambani kuingia barabarani. Kwa kuwa kisu kilikuwa mbele yake, aliyeteleza kutoka kitini hakuangukia kwenye makali.

Baada ya Miller kila badiliko lilikuwa dogo, nami nayapenda mabadiliko haya madogo kuliko ugomvi wote wa akina McCormick. Mafundi waliweka meno ya kuzuia ndani ya magurudumu, ili farasi wakirudi nyuma kisu kisiendeshwe nao. Waliweka kanyagio la kusaidiana na mpini, dereva anyanyue pao kwa mguu. Miaka ya 1890 kiwanda cha Deering kiliingiza beringi za gololi na za roli, na mzigo ukapungua waziwazi. Baadaye gia zikafungwa ndani ya sanduku la chuma lililojaa mafuta, vumbi lisiingie. Hakuna kati ya haya lililopewa medali London. Ila kila moja lilipunguza kitu ambacho bega la farasi lilikuwa likikilipia, na mtu aliyekaa nyuma ya wanyama wake kuanzia alfajiri hadi jua kali la mchana alijua tofauti hiyo bila kusoma kitabu.

Turudi kwenye ngano, maana huko kulikuwa kumebaki kazi. Mashine ya mwaka 1840 ilikata ekari kumi au zaidi kwa siku, na hapo tatizo likahama. Mabua yaliyokatwa yalianguka jukwaani. Mtu aliyatoa kwa reki, na nyuma yake walikuja watu watano, sita, hata wanane, wameinama, wanakusanya, wanafunga miganda kwa mabua yenyewe. Wasomaji wa kitabu cha Ruthu wanawakumbuka wanawake waliotembea nyuma ya wavunaji. Nao hawa walitembea, tofauti ni kwamba sasa aliyewatangulia alikuwa farasi, na mwendo wa farasi haumwonei huruma aliyeinama.

Reki ilipata wa kuirithi kwanza. Jearum Atkins wa Illinois alikuwa mjenzi wa vinu, akaumia vibaya, akabaki kitandani kwa miaka. Akiwa amelala hapo, asiyeweza kuinua mwili wake, alibuni mkono wa mti na chuma wenye kiwiko, ulionyooka juu ya jukwaa, ukakusanya mabua, ukajikunja, ukageuka, ukayaweka chini. Hataza aliipata mwaka 1852. Watu walisafiri kuutazama tu ukifanya kazi. Kisha watengenezaji wakatumia mbao zisizokauka vizuri, mashine zikapinda na kuvunjika mashambani, na biashara ikaanguka. Mkono wa Atkins ulikuwa sahihi. Mti ndio uliomwangusha.

Ndugu wawili wa kaunti ya DeKalb, Charles na William Marsh, wakauliza swali ambalo linashangaza kwa urahisi wake: kwa nini wafungaji watembee? Mwaka 1858 walipata hataza ya mashine iliyopandisha mabua kwa turubai hadi kwenye meza, na watu wawili wakasimama juu yake, kimo cha kiuno, wakifunga huku wanabebwa. Migongo ikanyooka. Wawili wakafanya kazi ya wanne au watano. Na mara tu mazao yalipokuja mezani kwa mpangilio, ikawezekana kufikiria chuma kilichokaa mahali pa wale wawili.

Walianza kwa waya. Walter Wood, Sylvanus Locke na Charles Withington wote waliuza au kubuni mashine za kufunga kwa waya katika miaka ya 1870, na zilifunga vizuri sana. Balaa ilikuja baadaye. Vipande vya waya viliingia kwenye malisho na kuwachoma ng'ombe matumboni, viliingia kwenye vinu vya kusaga, vikakata mikono ya waliofungua miganda. Wakulima wakalalamika, wasagaji wakakataa ngano yao.

John Appleby wa Wisconsin ndiye aliyefunga kwa uzi. Inasimuliwa kwamba alichonga kifaa cha kwanza cha mti akiwa kijana, mwaka 1858, akakiweka kando, akaenda vitani, akakirudia baada ya miaka. Hataza zake za 1878 na 1879 zilinunuliwa na William Deering, aliyeweka mali yake yote kwenye fundo hilo. Linafanya kazi hivi. Uzi unatoka kopeni na kupita kwenye tundu la sindano kubwa iliyopinda. Mganda ukifikia unene uliopangwa unasukuma kifyatulio, sindano inauzunguka na kuuleta uzi juu, mpaka ncha mbili zinakutana zikiwa zimebanwa kwenye kisahani chenye meno. Hapo mdomo mdogo wa chuma unazunguka mara moja, ukijiviringishia nyuzi zote mbili, unafunguka, unazikamata, unafumba. Kisu kinakata. Mkono mwingine unauvua mviringo kutoka juu ya mdomo, ncha zikabaki ndani, fundo limekaza, mganda unatupwa chini. Kazi ya vidole kumi, kwa mzunguko mmoja wa chuma kisichozidi kidole gumba kwa ukubwa.

Mkono wa kulia umepatikana, wa kushoto umepatikana, kiwiko kimepatikana, vidole vimepatikana. Mtu mmoja kitini, farasi watatu au wanne mbele, na shamba zima la ngano linalala chini likiwa limefungwa. Historia nyingi zinafunga kitabu hapo. Lakini uzi ulitoka wapi?

Kila ekari ilihitaji uzi, kila mwaka, na uzi huo haukurudi. Katani ya Ulaya ilioza na kuliwa na panya. Nyuzi za Manila zilikuwa ghali. Nyuzi ngumu, za bei nafuu, zilizofaa mdomo wa Appleby zilitoka Yucatán, Mexico, kwenye mashamba ambako Wamaya walifungwa kwa madeni yasiyolipika, na ambako serikali ya Porfirio Díaz iliwapeleka kwa nguvu Wayaqui kutoka Sonora. Mwaka 1902 McCormick, Deering na wenzao waliungana kuwa kampuni moja, International Harvester, na mwaka huohuo kampuni hiyo ikafanya mapatano ya siri na Olegario Molina, gavana na mfanyabiashara wa Yucatán, ya kushusha bei ya nyuzi hizo.

Wajerumani nao walitaka uzi wao. Mwaka 1893 Dk Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai pwani yetu ilikuwa 62. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, miaka minne tangu Abushiri bin Salim anyongwe mjini humo kwa kupigana na kampuni ileile ya Kijerumani iliyomleta Hindorf. Kutoka kwenye miche hiyo 62 yalitokea mashamba yote tunayoyapita tukielekea Tanga, kutoka Korogwe na Muheza, mistari ya kijani kibichi isiyo na mwisho.

Jani la mkonge lina mwiba nchani na utomvu unaowasha ngozi. Katika kila kilo 100 za majani, singa zinazopatikana hazizidi kilo nne hivi, ndiyo maana kila shamba lilijengewa korona yake, yaani mashine ya kutoa singa kwenye majani, na reli yake nyembamba ya kuyabebea. Mkataji aliingia alfajiri. Alikata jani, akaondoa mwiba, akahesabu thelathini, akafunga fungu, akaanza tena. Mpaka kazi ya siku itimie hakuandikiwa kwenye kipande, kadi yake ya kazi. Walitoka Songea, Njombe, Kigoma, Burundi, Msumbiji, wakaitwa manamba. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Japani ilipoiteka Ufilipino na nyuzi za Manila zikakatika, serikali ya kikoloni iliandikisha watu kwa lazima, na mkonge ulikuwa miongoni mwa kazi walizopelekewa.

Akahesabu thelathini, akafunga fungu. Mkulima wa Illinois alikuwa ameachiliwa kuinama na kufunga mganda kwa mikono, na uzi uliomwachilia ulianzia kwa mtu aliyeinama Tanga akifunga majani kwa mikono. Sisemi hili kwa kumlaumu Appleby. Fundo lake ni mojawapo ya vitu vizuri kabisa vilivyowahi kubuniwa na mtu mmoja, na wanawake na watoto wengi wa Marekani walipumzika kwa sababu yake. Ila hesabu ya mashine haijakamilika mpaka imehesabu mikono yote, na mikono hii haikuondoka duniani. Ilihamishiwa pale ambapo mshahara ulikuwa mdogo na sheria ilikuwa upande wa mwajiri.

Kisha mashine ikabadilika tena, bila kumuuliza mtu wa Tanga. Tangu mwaka 1836 Hiram Moore wa Michigan alikuwa na hataza ya mashine inayokata na kupura kwa wakati mmoja. California iliikuza hadi ikavutwa na farasi na nyumbu zaidi ya thelathini. Trekta na injini vilipoingia, mashine hiyo ilisambaa kote, na ngano inayopurwa papo hapo haihitaji mganda, na mganda usiokuwepo hauhitaji uzi. Mkonge uliponea kwenye mashine za kufunga marobota ya nyasi. Tanganyika ilikuwa ikiongoza dunia, na mwaka 1964 Tanzania ilitoa takriban tani 230,000. Ndipo nyuzi za plastiki zikaja, bei ikaanguka, korona zikazimwa moja baada ya nyingine.

Waamishi wa Lancaster, Pennsylvania, bado wanalima kwa farasi. Wanazikarabati mashine za gia zilizofungwa kwenye mafuta, na baadhi yao wamefunga injini ndogo juu ya mashine ya kukata au ya kufunga marobota, ili kisu kisitegemee tena gurudumu, huku farasi wakivuta tu. Walioamua hivyo walikaa kwanza wakaulizana mashine mpya itamfanya nini jirani. Swali hilo lingefaa kuulizwa kwenye karakana ya Virginia mwaka 1831 na kwenye ofisi za Chicago mwaka 1902. Hata leo mdomo wa chuma wa mashine za marobota, popote duniani, unafunga kwa namna ya Appleby au ya Deering, na Tanzania bado ni miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa kuuza mkonge nje, nyuma ya Brazil.

Wazee waliokata mkonge kwa kipande bado wapo Muheza, Korogwe, Kilosa na Ngerengere, wamezeeka sana. Vitabu vya uvumbuzi wa mashine za kuvuna vimejaa tarehe za hataza na majina ya mafundi, nao hawamo, kama vile Jo Anderson alivyokosa kuwemo kwa muda mrefu. Mwenye babu au bibi wa namna hii amkalishe, amuulize alitoka wapi, aliandikwa na nani, alikata mafungu mangapi kwa siku, na amwandike kwa jina lake lote. Kazi hiyo haihitaji fedha wala ruhusa ya mtu, na haiwezi kungoja mwaka ujao.